Ng'ombe watano wa Bibi: ndoa ya miaka 58 ihesabiwe kuanzia wapi?

Mwongoza shughuli aliuliza mara mbili kwenye kipaza sauti: "Wafiwa, ndoa ilikuwa ya miaka mingapi?" Ilikuwa kwenye matanga ya Bibi, Tororo, mashariki mwa Uganda, mwaka 2023, chini ya turubai, masufuria ya posho, yaani ugali, yakitoa mvuke nyuma ya nyumba. Mjomba akajibu 58. Katekista, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "27." Mwongoza shughuli hakutaka mabishano mbele ya maiti. Akasema "zaidi ya nusu karne," watu wakapiga makofi, akahamia kwenye orodha ya michango.

Hesabu zote mbili ni sahihi. Bibi aliolewa kimila mwaka 1960 na Babu akafariki 2018, hiyo ni 58. Kanisani walifunga ndoa 1991, kwa hiyo daftari la parokia linasema 27. Mimi nina hesabu ya tatu, inaanzia mwaka 1977. Sikuisema pale matangani kwa sababu shangazi yangu angenitoa nje ya turubai kwa mkono. Naiandika hapa, bila majina, maana wengi wa wanaohusika wapo hai na wanasoma.

Kwanza mlijue jambo la ng'ombe.

Babu alikuwa Japadhola, kabila la huko Tororo, na kazi yake gadi wa treni. Reli ikifika Tororo hugawanyika: mkono mmoja unakwenda Jinja na Kampala, mwingine unapanda kaskazini kupitia Mbale, Kumi, Soroti, Lira na Gulu, na kuanzia 1964 ulifika hadi Pakwach. Mkono huo wa kaskazini ndio uliokuwa wake. Bibi alikuwa Mteso, msichana aliyeuza karanga kwenye stesheni ya Kumi, huko Teso, akizipima kwa kikopo cha bati na kuzimimina kwenye karatasi iliyosokotwa. Yeye hakujua Dhopadhola, Babu hakujua Ateso zaidi ya salamu. Walichumbiana kwa Kiswahili cha reli, wakaoana, na Kiswahili hicho hicho kikawa lugha ya nyumba. Kampala mpaka leo utasikia mtu akisema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Kwetu ndiyo lugha ambayo Bibi alitumia kuuliza kama umekula, na kukugombeza kama hujala.

Ng'ombe walikuwa watano, na mbuzi juu. Watatu walitoka kwa baba yake Babu, wawili walinunuliwa mnadani huko huko Teso. Walikabidhiwa mbele ya wazee, malwa, pombe ya wimbi, ikanywewa, mirija ikazunguka chunguni hadi jua likazama. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na hata Bibi mwenyewe hakuona. Aliniambia kwamba siku ile alijivunia, kwa sababu jirani yake aliolewa kwa watatu.

Sasa ruka hadi 1967. Gadi wa treni analala nje ya nyumba yake siku nyingi za mwezi, na Babu alikuwa amepata nyumba ndogo Lira. Habari ilifika Tororo kwa njia ya kawaida ya reli, yaani ndani ya siku mbili kila mtu alikuwa nayo isipokuwa mwenye nyumba. Bibi alipouliza alipigwa. Sitapamba hapo. Nilimpenda Babu, ndiye aliyenifundisha kusoma saa, lakini alimpiga mkewe, na haikuwa mara ya kwanza.

Alichukua watoto wawili, akapanda treni kwenda kwao. Alisafiri kwa pasi ya familia ya mfanyakazi wa reli, yaani alimkimbia mume kwa tiketi ya mume, na kila aliponisimulia hapo alicheka hadi akashika ubavu.

Baba yake alimpokea vizuri. Siku ya kwanza alichinjiwa kuku. Siku ya pili hakuna aliyeuliza kitu. Siku ya tatu asubuhi baba alimwita, wakatembea hadi kwenye zizi. Lilikuwa tupu. Mzee hakusema mengi: ng'ombe walioletwa kwa ajili yako walikwenda kumwolea kaka yako. Ukikaa hapa, mumeo atawadai. Sina wa kumpa. Nikienda kuwadai kule walikokwenda, mke wa kaka yako atarudishwa kwao.

Na huyo mke wa kaka alikuwa pale pale uani, anasaga wimbi kwenye jiwe. Bibi alisema alimwona akisukuma jiwe la juu mbele na nyuma, mbele na nyuma, na wimbi lilikuwa limeshakwisha. Alikuwa akisaga jiwe kwa jiwe, anasikiliza.

Siku ya nne Bibi alirudi Tororo.

Hapa ndipo ninapoachana na wasemaji wa matangani. Walisimama mmoja baada ya mwingine, wakasema siri ya ndoa ile ilikuwa uvumilivu. Akina mama wa kanisa walisema hivyo, mwenyekiti wa kijiji naye, na kijana mmoja ambaye nina hakika hakuwahi kuzungumza na Bibi zaidi ya dakika kumi. Lakini mwanamke aliyerudi siku ya nne hakurudi kwa uvumilivu. Alirudi kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshavuka, na shingo ya mwanamke mwenzake ilikuwa imefungwa kwenye kamba ile ile. Kama tungekuwa waangalifu na maneno tungesema kwamba kuanzia 1967 Bibi hakuwa ndani ya ndoa. Alikuwa ndani ya deni ambalo si yeye aliyelikopa.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimwandike.

Alijifunza cherehani. Mjini kulikuwa na duka la vitambaa la Mhindi, na kwenye baraza lake walikaa mafundi watatu wanaume, kila mmoja na Singer ya miguu. Bibi aliomba kazi ya kushona vifungo na kukunja pindo. Miaka miwili hakugusa pedali. Halafu fundi mmoja akaugua, cherehani ikabaki wazi wiki nzima, na kufikia mwisho wa wiki hiyo Bibi alikuwa na wateja wake mwenyewe wa gomesi. Kwa wasioijua, gomesi ni vazi gumu kulishona kuliko linavyoonekana: mabega yenye ncha, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, na kitambaa kingi ambacho lazima kianguke sawasawa mwanamke akisimama na akipiga magoti. Fundi mbaya anajulikana kwenye bega. La Bibi lilisimama kama limepigwa pasi likiwa mwilini.

Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Mwenye duka alimuuzia Bibi cherehani kwa bei ambayo hakuwahi kuitaja. Alisema tu kwamba walilia wote wawili na kwamba yeye alilia kidogo zaidi kuliko alivyostahili. Duka likapewa mafutamingi mmoja, kama walivyoitwa waliogawiwa mali za Waasia, aliyekwisha kuuza kila kilichokuwa kwenye rafu kabla ya Krismasi, bila kujua vitambaa hununuliwa wapi vikiisha. Baraza likafungwa. Bibi akaibeba Singer yake hadi nyumbani, akaiweka chini ya dirisha.

Miaka iliyofuata sukari na sabuni vikawa vitu vya kunong'onezwa, magendo ikawa kazi inayojulikana kama ualimu, na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya, ipo karibu na Tororo. Vitambaa vilivuka usiku. Sitadai kwamba Bibi hakuuliza vimetoka wapi. Aliuliza bei. Na kwa kuwa fedha ya karatasi ilikuwa ikinyauka mkononi, aliibadilisha haraka iwe kitu kingine. Kidogo kiliingia kwenye sanduku la vitambaa. Kilichobaki kilipanda treni kwenda Kumi, kikawa ng'ombe.

Alinunua wa kwanza 1973. Alimweka kwenye zizi la baba yake, akamwambia mzee mbele ya kaka yake: huyu si wako wala si wa kaka, huyu ni mmoja kati ya watano. Kaka alidhani ni utani. Wa pili alikuja mwaka uliofuata. Alipofika wa nne, wazee wa ukoo waliitana kulizungumza jambo hilo, kwa sababu halikuwa na jina. Ng'ombe wa mahari hurudishwa na familia ya mwanamke baada ya ndoa kuvunjika. Huyu ndoa yake haijavunjika, anaweka marejesho kabla, na anayaweka yeye mwenyewe. Nimeambiwa walikunywa vyungu viwili na hawakufikia uamuzi. Zizi, wakati wanabishana, lilikuwa linajaa.

Wa tano alinunuliwa mwaka 1977. Ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli ikakatwa vipande vitatu, kila nchi na chake. Makao makuu yalikuwa Nairobi. Wafanyakazi wa upande wetu walijikuta chini ya shirika jipya la Uganda, na mshahara wa Babu, hata ulipokuja, haukununua kitu. Mwanamume aliyekuwa akitembea na saa ya mnyororo na filimbi akawa anakaa mlangoni akitazama viatu vyake.

Jioni moja, baada ya chakula, Bibi alimwambia. Nilimwomba arudie maneno yale mara nyingi nilipokuwa msichana, nikimshikia upande mmoja wa kitambaa akikata, na hayakubadilika: "Baba watoto, ng'ombe wako watano wapo Kumi. Ukiwataka, kawachukue, mimi nakwenda kwetu na hakuna atakayemdai mtu kitu. Usipowataka, nakaa. Lakini nikikaa, mkono wako usininyanyukie tena, na nikisema naenda Kumi nisiulizwe narudi lini."

Nimejiuliza kama ulikuwa ukatili kumwambia wakati ule, alipokuwa chini kabisa. Nadhani ulikuwa. Nadhani pia kwamba hakuchagua wakati. Ng'ombe wa tano alikuja alipokuja.

Babu hakujibu. Alitoka, akaenda kwenye malwa, akarudi usiku. Asubuhi akavaa sare, akapanda treni ya kaskazini, akashuka Kumi. Alikwenda kuwahesabu. Mke wa kaka, yule wa jiwe la kusagia, ndiye aliyeniambia sehemu hii, kwa sababu Bibi hakuwepo. Alisema shemeji yake alifika amevaa kofia ya reli, akaingia zizini na viatu vyake vyeusi, akamshika kila ng'ombe mgongoni, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua mabehewa kabla ya kupuliza filimbi. Halafu akauliza kama kuna karanga za kuuza. Akarudi Tororo na mfuko wa karanga, akauweka mezani, akamwambia Bibi: "Wako wazima. Waache huko."

Mimi ndoa yao naihesabu kuanzia mfuko ule.

Shangazi yangu, mtoto wao wa kwanza, haikubali hesabu hii hata kidogo, na hoja zake si nyepesi. Anasema mimi sikuwepo. Anasema mama yake hangeondoka, kwamba ng'ombe walikuwa njia ya kumtisha Mzee tu, na kwamba miaka 17 ya kwanza ilizaa watoto sita waliolelewa, wakasomeshwa, wakacheka. Kuifuta miaka hiyo ni kuwafuta wao. Ananiambia pia kwamba nimesoma sana, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Kwenye la watoto ana haki. Sifuti kitu. Ninachosema ni kwamba kabla ya 1977 hatuna njia ya kujua kama Bibi alikaa kwa kupenda, kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Mtu aliyefungiwa chumbani hatuwezi kumsifu kwamba ni mkaaji. Baada ya 1977 mlango ulikuwa wazi, na alikaa miaka 41.

Tena mlango aliutumia. Kila mwaka, karanga zikikomaa, alikwenda Kumi wiki tatu, peke yake. Majirani walisema anapenda sana ndugu zake. Babu alijipikia, vibaya, na hakuuliza anarudi lini. Ile nyumba ya Lira haikufa mara moja, na nisingependa mtu adhani ng'ombe walitibu kila kitu. Lakini vita vya 1979 vilipopita, watoto wawili wa Lira waliletwa Tororo, na Bibi aliwashonea sare za shule kutoka kitambaa kile kile cha watoto wake. Alipimia wote siku moja, wakiwa wamesimama mstari. Mmoja wao ndiye aliyelia kuliko sote 2023, na mwongoza shughuli alimtambulisha kama kitinda mimba. Hakuna aliyesahihisha.

Mwaka 1987 ulikuja na mapigo mawili. Mwezi wa Mei serikali ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu. Waliokuwa na pesa kwenye mitungi walilia. Bibi alikuwa na sanduku la vitambaa, halikukatwa kitu. Lakini mwaka huo huo wavamizi wa mifugo kutoka Karamoja, waliokuwa wakiipukutisha Teso kijiji kwa kijiji, walifika kwao. Zizi likasombwa lote, watano wake na ndama zao na wa kaka. Watu wa Teso waliokuwa wakihesabu utajiri kwa ng'ombe waliamka wakiwa na majembe tu, bila fahali wa kuvuta plau.

Habari ilifika kwa barua. Bibi alimsomea Babu. Babu akanyamaza kidogo, akasema: "Basi sasa huna cha kunirudishia." Bibi akasema: "Na wewe huna cha kudai." Wakaendelea kula. Miaka minne baadaye ndipo walipokwenda kanisani, Babu ndiye aliyeomba. Bibi alijishonea gomesi mwenyewe, na picha ipo: bega limesimama.

Nyinyi mnaofuata sheria mnajua yaliyotokea baadaye. Mwaka 2007 shirika la MIFUMI, lililochukua jina la kijiji cha wilaya yetu hii hii ya Tororo, lilifungua shauri Mahakama ya Katiba kupinga mahari na marejesho yake. Mwaka 2010 lilishindwa. Likakata rufaa, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu: kulipa mahari kunabaki halali, lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika kunapingana na Katiba, ambayo katika ibara ya 31 inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Jaji Esther Kisaakye alikwenda mbali zaidi ya wenzake kuhusu mahari yenyewe. Hukumu hiyo ingefuta safari yote ya Bibi: zizi tupu, siku ya nne, ng'ombe mmoja mmoja kwa miaka minne. Baba yake angeweza kumwambia mkwe wake, huna dai, na binti akabaki nyumbani akila kuku. Angalau kwa maandishi. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo baada ya 2015, na nimesikia marejesho yakidaiwa kwa majina mengine, "gharama" na "heshima ya wazee."

Siku redio ilipotangaza, nilikuwa Tororo. Wote wawili walikuwa barazani. Babu, aliyekuwa haoni vizuri tena, alipunguza sauti ya redio, akasema, "Mama watoto, kumbe ulinunua bure." Bibi alikuwa akimenya karanga, na hakuinua kichwa. "Ng'ombe wangu walikuwa wanono," alisema. "Wale majaji hawakuwaona."

Baada ya arobaini tuligawana vitu vyake. Cherehani ilikwenda kwa yule wa Lira. Mimi nilipewa daftari la vipimo, la jalada gumu, lililoliwa pembeni na mende. Nilikuwa nimelisikia tu. Katikati, kati ya wateja, kuna ukurasa mmoja wenye mistari mitano kwa mwandiko wake wa penseli: mweusi mwenye doa la paji, 1973; mwekundu, pembe moja imepinda, 1974; wa kijivu, 1975; mweusi, ana mimba, 1976; mweupe, mkubwa, 1977. Kila mmoja na bei yake. Chini, kwa kalamu ya bluu, mwandiko ukiwa umetetemeka kidogo: wote wameibwa, 1987. Mstari unaofuata, kwa kalamu hiyo hiyo, ni gomesi ya mteja: kifua 40, mkono 11, urefu hadi kwenye kifundo, na neno "haraka" limepigiwa mstari mara mbili.